Tume Imeshasema, Nani Atatekeleza?

 

Kuna kitisho ambacho kila Mtanzania amewahi kukisikia, kama hakukitoa yeye mwenyewe: "Nitakupeleka Haki za Binadamu!" Utakisikia stendi, utakisikia kwenye foleni ya hospitali, utakisikia hata kwa mwanafunzi anayekwepa viboko. Sasa mwulize huyo anayetisha: hizo Haki za Binadamu ziko wapi? Nani anakaa humo ndani? Ukifika unasema nini? Wengi hukwama hapo. Wapo wanaodhani ni shirika la wafadhili kutoka nje. Wapo wanaozichanganya na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambacho ni asasi ya kiraia, haipo chini ya serikali. Mimi leo nazungumzia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ni chombo cha dola, kilichoandikwa ndani ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano kuanzia ibara ya 129 mpaka ya 131.

Na wale wanaoijua Tume wana sentensi yao moja, wanaisema kwa kuchoka: "Ile Tume haina meno." Jioni hii nataka nibishane na sentensi hiyo. Meno Tume inayo. Yalitolewa na sheria, yakathibitishwa na mahakama. Swali langu ni kwa nini hatuyaoni yakiuma.

Lakini turudi nyuma kidogo, maana chombo hiki kina ukoo.

Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere aliunda tume chini ya Rashidi Kawawa kuangalia nchi itakuwaje chini ya mfumo wa chama kimoja. Likaja suala la kuweka haki za raia ndani ya katiba, ili mtu akionewa aende mahakamani. Tume ya Kawawa ikakataa. Hoja ilikuwa kwamba nchi changa ina haraka ya kujijenga, na orodha ya haki ingewakwaza watawala na kuwagonganisha na majaji. Badala yake ikapendekeza chombo cha kupokea manung'uniko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka. Kikaingia kwenye Katiba ya Muda ya 1965, kikaanza kazi 1966, kikaitwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Kwa Afrika nzima hakikuwepo chombo kingine cha aina hiyo. Sisi tulikuwa wa kwanza.

Kwa hiyo tambua: Tume yetu ilizaliwa kama mbadala wa haki za kudai mahakamani. Nasisitiza hilo kwa sababu naona kivuli chake mpaka leo.

Ile tume ya zamani ilizunguka mikoani, ikawasikiliza watu waliofukuzwa kazi bila sababu, walionyimwa leseni, waliowekwa ndani na viongozi wa wilaya waliojiona miungu watu. Ilichunguza, ikaandika ripoti, na ripoti ikaenda kwa mtu mmoja tu: Rais. Mlalamikaji hakuiona. Gazeti halikuiona. Rais akipenda kuchukua hatua, sawa, asipopenda, basi. Kulikuwa na watu waliorudishiwa haki zao kwa njia hiyo, na ni dhuluma kuwasahau. Ila kulalamika juu ya serikali kwa mkuu wa serikali, na jibu likabaki kwenye droo yake, hilo wahenga walishalisema: kesi ya ngedere umpelekee nyani.

Haki za raia ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Ukaja mfumo wa vyama vingi. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa kwa mara ya 13, ikaanzishwa tume mpya, na Bunge likatunga Sheria Namba 7 ya mwaka 2001. Mwenyekiti wa kwanza akawa Jaji Robert Kisanga, yule yule aliyeongoza kamati ya kukusanya maoni ya katiba mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakafuata Jaji Amiri Manento, wakili Bahame Nyanduga, na mwaka 2019 akateuliwa Jaji Mathew Mwaimu. Zanzibar haikuingia siku ile ile. Ilibidi Baraza la Wawakilishi liridhie kwanza. Sheria inataka Mwenyekiti akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake atoke upande wa pili.

Historia inatosha. Twende kwenye kazi yenyewe.

Huhitaji wakili kwenda kwenye Tume, na hulipi hata senti. Unaweza kwenda mwenyewe, unaweza kuandika, unaweza kumwombea mwenzako aliyefungiwa ndani. Mimi watu wa mtaani wananijua kwa kazi ya kalamu, kwa hiyo huniletea barua zao niwasomee kabla hawajazituma, na nimejifunza kitu. Barua ya mtu mwenye uchungu huanza mbali. Ukurasa wa kwanza unaeleza roho mbaya ya bosi. Wa pili unaeleza jinsi bosi alivyoingia kazini kwa kubebwa. Wa tatu ni mke wa bosi. Tarehe ya kufukuzwa kazi unaikuta ukurasa wa nne, pembeni, imeandikwa kwa penseli. Mzee mmoja mstaafu alikuja kwangu na bahasha ya kaki imejaa nakala mpaka imepasuka ukingoni, lakini karatasi moja iliyohitajika, ile ya kuonyesha kwamba aliwahi kudai mafao yake na kwa nani, aliiacha nyumbani kwa kuwa aliona haina uzito. Afisa wa Tume anataka mambo machache: nani amefanya, wapi, lini, ulikwenda kulalamika wapi kwanza, wakakujibu nini. Mke wa bosi hahusiki.

Na usiende na shauri ambalo tayari liko mahakamani. Sheria inawakataza kuligusa. Watu wengi wanarudishwa kwa sababu hiyo, wanatoka wakinung'unika kwamba Tume imewakimbia.

Jambo likipokelewa, kinachofuata hakina mbwembwe. Tume inamwandikia mlalamikiwa barua. Mkurugenzi wa halmashauri, kamanda wa polisi, mkuu wa chuo, yeyote yule, anatakiwa ajibu kwa maandishi. Wewe uliyekuwa unaambiwa "njoo kesho" kwa miaka, na masijala wakakuapia kwamba jalada lako halionekani, utashangaa jalada hilo limeonekana. Mhasibu aliyekuwa hana kumbukumbu ana kumbukumbu. Mimi kwa maoni yangu hapo ndipo kazi kubwa ya Tume inapofanyika, kimya kimya, bila kamera: kumlazimisha mwenye ofisi amjibu mtu asiye na ofisi. Ikibidi Tume inaweza kumwita mtu kwa hati ya wito, ikadai nyaraka, ikamwapisha shahidi. Mambo mengine yanaishia hapo kwa usuluhishi, watu wanapeana mikono.

Kazi nyingine ambayo ningependa uijue ni ya kukagua magereza na mahabusu za polisi. Mkaguzi anayeijua kazi yake hatosheki na hotuba ya mkuu wa kituo. Anaomba kitabu cha mahabusu. Anasoma majina, saa ya kuingia, kosa. Halafu anakwenda selo na kuhesabu vichwa. Vitabuni wapo tisa, ndani wapo kumi na wawili: hao watatu ni nani, na nani anajua kwamba wapo? Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24; yule pale pembeni anasema ana siku sita. Na yule kijana mwenye sauti ambayo haijavunjika vizuri, kitabuni ameandikwa miaka 18. Alizaliwa lini? Nani aliandika umri huo, na kwa ushahidi gani? Mwaka 2011 Tume ilitoa ripoti ya ukaguzi wa watoto walioko vizuizini, ikionyesha watoto waliochanganywa na watu wazima, wakati Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa imeshapitishwa na inakataza. Kazi kama hiyo huwezi kumwachia jirani mwema. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya kufunguliwa mlango.

Haya. Sasa tufike Nyamuma, maana hapo ndipo ubishi wangu unaposimama.

Nyamuma ni kijiji cha Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kwenye eneo linalopakana na Pori la Akiba Ikorongo. Oktoba 2001 nyumba za watu zilichomwa moto katika operesheni ya kuwahamisha. Polisi walikuwepo, viongozi wa wilaya walikuwepo. Vilichomwa vyakula, vikachomwa vyombo, watu wakatawanyika. Wanakijiji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakapeleka malalamiko kwenye Tume, ambayo wakati huo ilikuwa bado mpya kabisa.

Tume ilifanya kazi yake. Ilisikiliza pande zote mbili, waliochomewa na waliodaiwa kuchoma. Mwishoni mwa mwaka 2004 ikatoa uamuzi: haki za watu hawa zimevunjwa, walipwe fidia. Serikali ikapelekewa mapendekezo. Mwaka 2005 jibu likaja kutoka upande wa serikali: haikubaliani na Tume, haitalipa.

Ndugu msikilizaji, tua hapo kidogo. Chombo cha Katiba, kinachoongozwa na jaji, kimechunguza kwa miaka, kimeona, kimeamua. Na aliyeambiwa alipe anajibu kwamba hataki. Ungedhani mambo yameishia hapo, na watu 135 watarudi kuokota mabati yao. Ndipo ile kauli ya meno inapoanzia.

Ila sheria haikuishia hapo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Tume kinasema hivi, kwa maneno yangu: Tume ikishatoa mapendekezo, mhusika anatakiwa aeleze hatua alizochukua ndani ya muda usiozidi miezi mitatu. Asipofanya hivyo, Tume yenyewe inaweza kufungua shauri mahakamani, au ikampendekeza mtu mwingine mwenye sifa afungue, kuomba mapendekezo yale yatekelezwe.

Rudia kusikiliza: Tume yenyewe inaweza kwenda mahakamani.

Kwenye jambo la Nyamuma aliyekwenda ni kile Kituo cha Sheria. Mahakama Kuu ikawagomea. Ikaona kwamba mapendekezo ni mapendekezo, mahakama haiwezi kuyatekeleza. Wakakata rufaa. Hiyo ndiyo Rufaa ya Madai Namba 88 ya mwaka 2006, na Mahakama ya Rufani ikapindua uamuzi wa chini: mlango wa Mahakama Kuu uko wazi kwa ajili ya kutekeleza mapendekezo ya Tume. Wanasheria wanaisoma hukumu hiyo vyuoni. Wananchi wa kawaida hawaijui, na nina mashaka kama wakurugenzi wote wa halmashauri wanaijua, maana wangekuwa wanajibu barua za Tume kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "Tume haina meno", namjibu kwamba kauli hiyo ni ya kumpa nafuu aliyekaidi. Mkurugenzi akijua kwamba ushauri wa Tume unaweza kugeuka amri ya Mahakama Kuu, ataufungia kwenye kabati? Labda. Lakini atalala vibaya. Mimi nimekaa nikisubiri taarifa ya habari itakayosema, "Tume ya Haki za Binadamu leo imeifikisha wizara fulani mahakamani kwa kutotekeleza mapendekezo yake." Taarifa ninazozisikia ni za semina. Tume yakutana na wadau. Tume yawanoa watendaji wa kata. Tume yatoa elimu kwenye maonyesho ya Sabasaba. Elimu ni sehemu ya majukumu yake, sikatai, na mtendaji wa kata akijua kwamba hana ruhusa ya kumfunga mtu ofisini kwake kwa deni la mchango, hilo ni jema. Ila kwa mzee wangu wa bahasha ya kaki, semina hailipi mafao.

Kwa nini basi haiendi mahakamani kwa kishindo? Hapa lazima tuwe waungwana, tusiwatwike makamishna mzigo wote. Ibara ya 130 inasema Tume ni huru, hailazimiki kufuata maagizo ya mtu. Msomaji anafurahi. Anaendelea mistari michache, anakuta kwamba uhuru huo haumzuii Rais kuipa Tume maelekezo au amri, kama ameridhika kwamba maslahi ya taifa yanataka hivyo, na Tume haina haki ya kuyakataa. Sijui wewe unaonaje, lakini kwangu mimi hapo ndipo kile kivuli cha 1965 kinapoonekana. Makamishna wanateuliwa na Rais, ingawa ipo kamati ya uteuzi ya kumshauri. Fedha zinatoka serikalini kwa fungu ambalo serikali inalipanga. Na uteuzi ukichelewa, hakuna kinachomsukuma mteuzi: kabla ya uteuzi wa 2019 Tume ilikaa kipindi kirefu bila makamishna. Wafanyakazi walikuwepo, ofisi zilifunguliwa asubuhi zikafungwa jioni, malalamiko yalipokelewa. Kamishna wa kuyaamua hakuwepo.

Mwaka 1993 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha vipimo vya tume za namna hii duniani, vinavyoitwa Kanuni za Paris. Kubwa lake ni hilo hilo: uhuru ulioandikwa kwenye sheria, uteuzi usiotegemea hisani, na fedha zisizotumika kama kamba ya kuvutia.

Majirani nao wana yao. Uganda, katiba yao ya 1995 iliipa tume nguvu kama za mahakama: inaweza kuamuru mtu aachiwe, inaweza kuamuru alipwe fidia. Ukisikia hivyo unaona kijicho. Kisha unawauliza Waganda, wanakwambia amri zipo, malipo ndiyo yanayosuasua. Kuna watu waliteswa, wakashinda, wakaendelea kuidai serikali miaka na miaka. Kenya walikwenda njia nyingine, wakaigawanya kazi baada ya katiba ya 2010: haki za binadamu upande mmoja, jinsia na usawa upande wa pili, malalamiko dhidi ya utumishi wa umma upande wa tatu. Sisi tumeviweka vyote kwenye kapu moja, na mimi sina ugomvi na kapu. Mwanakijiji aliyeporwa shamba na mtendaji hajui kama hilo ni suala la haki za binadamu au la utawala bora. Anajua ameporwa shamba. Apate mlango mmoja.

Basi mimi ninaomba nini? Siombi katiba mpya ibadilishe kila kitu kabla hatujaanza, ingawa ibara ile ya 130 ningependa kuiona imenyolewa. Naomba kitu kinachoweza kufanyika kwa karatasi na wino uliopo. Kila mwaka Tume huandaa taarifa yake, ikampa Waziri, na Waziri huiweka mezani Bungeni. Kwenye taarifa hizi tunaambiwa yamepokelewa malalamiko mangapi, yamehitimishwa mangapi. "Kuhitimishwa" hakuniambii kama mzee amelipwa. Tume iweke ndani yake jedwali jingine, lisilo na hesabu nyingi: pendekezo lilikuwa nini, alipelekewa nani, tarehe gani, miezi mitatu iliisha lini, amejibu nini. Na safu ya mwisho iseme kama Tume imekwenda mahakamani, na kama haijakwenda, ni kwa sababu gani. Majina ya walalamikaji wayafiche, hilo ni haki yao. Majina ya ofisi wasiyafiche.

Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria husomwa Dodoma kila mwaka kwenye mkutano wa bajeti, na humo ndimo linamokaa fungu la Tume. Wabunge husimama, wakashukuru kwanza kwa barabara za majimboni mwao, halafu wakachangia. Mbunge wako ana namba ya simu. Wakati wa kampeni aliigawa mwenyewe. Mpigie umwombe aulize swali moja tu: mapendekezo ya Tume ambayo miezi mitatu yake imeshapita bila utekelezaji ni mangapi, na ni ya ofisi zipi?

Akijibiwa, nitakuletea jibu hapa hapa. Asipojibiwa, nitakuletea jina la aliyekataa kujibu.